Sehemu Iliyoandikwa Kumbukumbu

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili ni la kusajilia barua. Kila ukurasa una safu tatu: Tarehe, Imetoka kwa, Inahusu. Bibi Mihuri, mwenzangu wa masjala, amelichomoa kabatini leo akanisukumia mezani.

"Mwenzangu, hulii, husemi, chakula unakichokonoa tu. Basi andika. Usije ukapasuka humu ofisini nikaachiwa kazi ya kufagia."

Nikamwambia sina la kuandika.

"Andika hilo hilo."

Imetoka kwa: mimi. Inahusu: hakuna. Mvua imeanza saa nane mchana.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Barua kumi na saba zimeingia, tisa zimetoka.

Ijumaa, 8 Machi

Bibi Mihuri ameomba kuliona daftari. Amesoma mistari yangu, akanitazama kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji. "Hii si shajara, hii ni taarifa ya hali ya hewa. Watu wako wapi?"

Haya, watu. Nyumbani tuko wawili, mimi na wifi yangu, mdogo wa mume wangu. Haoni, surua ilimpofusha akiwa na miaka minne. Anasomea tiba ya viungo, ile kazi ya kunyoosha migongo na kuamsha misuli iliyolala, na mtihani wake wa mwisho ni tarehe 20 Mei. Mdomo wake hauna breki.

Mume wangu alifariki miezi mitano iliyopita. Alikuwa mwalimu wa udereva. Moyo wake ulisimama katikati ya somo, yeye yuko kiti cha abiria, mkanda umefungwa. Mwanafunzi wake alitoa ishara, akasogea pembeni, akasimamisha gari, akavuta breki ya mkono, akawasha taa za tahadhari, halafu ndipo akapiga kelele. Kila kitu kwa utaratibu aliofundishwa.

Tangu siku ile niko kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Najua pana kidonda, lakini shavu zima lina ganzi.

Jumapili, 10 Machi

Wifi amegombana na kompyuta.

Ni kompyuta ya mezani ya mume wangu, kuukuu, inachukua nusu saa kuamka. Ndimo zilimo sauti. Kitabu cha wifi hakijachapwa kwa nukta nundu, kina sura kumi na nane, na simu yake ya vitufe haibebi hata sura moja. Kwa hiyo kaka yake alimsomea chote akijirekodi, mwaka mzima, kila jioni baada ya chakula. Alisoma vile vile alivyofundisha gari. "Sasa tunauacha mfupa wa paja, tunaingia gotini. Polepole, hapo pana kona." Wifi anasema ndiyo maana hasahau.

Mimi sijazisikiliza tangu afariki. Wifi akiziwasha natoka kwenda kufua, hata kama nguo chafu hakuna.

Leo mashine imeganda katikati ya maneno. Msuli wa, wa, wa, wa. Wifi akaipiga kofi ubavuni.

"Wifi, njoo! Kaka amekwama begani!"

Nikaenda nikachomoa waya.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeipeleka kwa fundi, nimeifunika nailoni. Watu wanamwita Dokta kwa sababu anavaa koti jeupe na anazizungumzia mashine kama wagonjwa. Ameifungua, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa.

"Mama, mgonjwa wako ni mzee. Kumbukumbu giga moja tu. Na mfumo wa uendeshaji uliomo ni mnene, unaimaliza kumbukumbu yote kabla hata hujafungua kitu. Ndiyo maana anaganda."

"Dawa yake?"

"Ununue mpya. Au tumvue mfumo huu tumvike Linux, ile nyepesi kabisa, ya wazee wenzake. Tena ina sauti yake, inamsomea asiyeona kila kilichoandikwa kwenye skrini."

Mpya hatuna uwezo nayo. Nikachagua Linux. Akasema niirudishe nyumbani kwanza, nihamishe mafaili yote ya maana kwenye flashi, nimletee Jumatano. "Yote, mama. Mfumo mpya ukiingia, haupigi hodi."

Jumapili, 17 Machi

Nimehamisha folda iliyoandikwa Masomo. Sikuifungua kuangalia kilichomo. Kazini sisaini bahasha kabla ya kuhesabu viambatisho, hata itoke kwa nani. Leo nimeiburuta folda, nikasubiri mstari ufike mwisho, nikachomoa flashi, nikaenda kufua.

Jumatano, 20 Machi

Transfoma ya mtaa wa Dokta imelipuka kwa mvua. Duka lake liko gizani na hakuna anayejua mpaka lini. Amenipa flashi nyingine yenye Linux, na karatasi ya maelekezo. "Utamsakinishia mwenyewe Jumamosi, mimi nitakuongoza kwa simu. Si unajua kusoma?"

Nikamwambia nimekuwa karani wa masjala miaka kumi na tisa.

"Basi umeshafuzu."

Jumamosi, 23 Machi

Nimeiweza. Nataka kuandika hatua moja moja.

Saa nne asubuhi nimechomeka flashi, nikawasha mashine huku nikibonyeza kitufe alichokiandika Dokta. Skrini ikawa nyeusi, maandishi meupe yakapanda haraka kuliko macho. Wifi alisimama nyuma yangu amenishika mabega. Mtihani wa vitendo unataka ajue shingo za watu wa kila namna, na yangu ndiyo iliyo karibu.

"Shingo gani hii, wifi? Nabonyeza mpaka dole gumba linaniuma mimi. Husikii?"

Nikamwambia sisikii. Akabonyeza tena. Kweli sikusikia.

Lugha nikachagua Kiswahili. Nikaweka saa, kibodi, jina. Ulipokuja ukurasa wa kugawa diski nikampigia Dokta. Mvua ilikuwa inapiga bati lake na langu, tukawa tunapigiana kelele kama wagomvi.

"Unaona nini?"

"Sehemu mbili! Ya kwanza haina jina!"

"Hiyo ndiyo yenye mfumo wa zamani. Ifute, Linux ikae humo. Sasa nisikilize vizuri. Kumbukumbu ya mashine ni ndogo, kwa hiyo lazima tutenge sehemu ya diski iisaidie. Kumbukumbu ikijaa, inamwagia huko. Bila hivyo atagoma katikati ya safari. Hiyo sehemu ya pili imeandikwaje?"

"Imeandikwa KUMBUKUMBU!"

"Nini?"

"KUMBUKUMBU! Kwa herufi kubwa!"

"Ahaa! Kumbe marehemu alishaitenga! Mtu makini sana yule. Basi tumia hiyo hiyo."

Sikushangaa. Miaka yote nimeiona sehemu hiyo kwenye skrini, na sikuwahi kuifungua, nikijua ni mambo ya ndani ya mashine. Mume wangu mwenyewe alizoea kuniambia, usiguse kumbukumbu. Nikaichagua. Mashine ikaniuliza: Yote yaliyomo katika sehemu hii yatapotea. Endelea? Nikabonyeza Endelea.

Saa sita na nusu ilikuwa imekwisha. Nimeizima, nimeiwasha, imeamka kwa dakika moja. Sauti ya kike, kavu, ikaanza kusoma yaliyo kwenye skrini. Neno la kwanza la maana ililosema: "Wifi haijapatikana."

"Mwongo mkubwa wewe, niko hapa hapa," akasema wifi.

Tukacheka. Ni mara yangu ya kwanza tangu msiba. Kicheko kilitoka mdomoni tu, hakikupitia kifuani, lakini kilitoka.

Jumapili, 24 Machi

Asubuhi nimeirudisha folda ya Masomo. Sura ya kwanza ikasikika safi, bila kuganda hata mara moja. Nikaenda kufua. Niliporudi wifi alikuwa amekaa, mikono juu ya kibodi.

"Wifi, ya saba iko wapi?"

"Humo si zimo zote?"

"Zimo sita. Zinatakiwa kumi na nane."

Nikasema labda kuna folda nyingine.

"Hizi sita ni za mwanzo. Zile za mbele kaka aliniambia ameziweka kwenye kumbukumbu. 'Nimekuwekea kwenye kumbukumbu, huko hazipotei.' Ndivyo alivyosema."

Nilikuwa nimeshika beseni tupu. Sikuliangusha. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Bado nazihamisha. Ni nyingi."

"Haya, usichelewe. Ya saba ndiyo mgongo, na mgongo ndio mtihani."

Imetoka kwa: mimi. Inahusu: nimefuta sura kumi na mbili za sauti ya mume wangu.

Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu. Haijanifanya kitu.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. "Bado, wifi?" "Bado."

Ijumaa, 29 Machi

Mvua. "Bado?" "Bado kidogo."

Jumatatu, 1 Aprili

Wifi anarudia sura zile zile sita kutwa nzima. Anasema azimeze kabisa wakati ananisubiri, ili za mbele zikija zikute nafasi. Maji ya bomba yamekatika, sikuwa na pa kufulia, nikabaki jikoni. Ndiyo nimemsikia. "Kaa upande wako wa barabara, hapa mishipa ni mingi." Nimemsikia kama ninavyomsikia mtu wa redio akisoma habari za mbali. Nimeendelea kukata vitunguu. Machozi ya vitunguu yametoka bila shida.

Najiuliza kwa nini simwambii. Si kwamba namwogopa. Ni kwamba nikisema kwa sauti, itakuwa imetokea.

Alhamisi, 4 Aprili

Niandike ukweli, maana hakuna anayelisoma daftari hili isipokuwa Bibi Mihuri, na nimeacha kumwonyesha. Nilikuwa namwona wifi kama mgeni wa mume wangu. Baada ya msiba nilisubiri aseme anarudi kwao. Hakusema, nami sikuuliza, tukawa tunapishana koridoni kama wapangaji.

Leo asubuhi nimechelewa kutoka, nikamkuta sebuleni anapiga pasi blauzi yangu ya kazini. Anatafuta mshono kwa kidole, halafu pasi inafuata nyuma ya kidole. Nikamuuliza ameanza lini.

"Tangu wiki ile ya mazishi. Ulikuwa unatoka umejikunja kama karatasi ya kufungia karanga."

Miezi yote hiyo nilidhani nazipiga pasi mwenyewe.

Ijumaa, 5 Aprili

Kwa sababu ya blauzi ile nimeshindwa kufanya kazi. Saa kumi nimekwenda kwa Dokta. Umeme umerudi kwake. Nimemweleza kama ninavyosoma barua: sehemu ile haikuwa ya mashine, ilikuwa na sura kumi na mbili za sauti, jina aliliandika marehemu.

Dokta akakaa kitini. "Kumbe lilikuwa jina?"

"Lilikuwa jina."

"Na mimi ndiye niliyesema tumia hiyo hiyo." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Mama, mmeiwasha tangu siku ile?"

"Kila siku."

"Kila siku?" Alisimama. "Nisikilize. Jumamosi ile kilichobadilishwa ni kibandiko cha mlangoni tu. Vitu vilikuwa bado mle ndani. Ungekuja kesho yake tungeokoa karibu vyote. Lakini kila mnapoiwasha, ile giga moja ikijaa, inamwagia mle, juu ya vilivyomo. Kila siku inafunika zaidi."

"Sasa nifanye nini?"

"Sasa kimbia ukaizime."

Nilikimbia. Na sketi ya kazi, na mvua, watu wamejibanza barazani wananitazama. Nilipofika mlangoni nilimsikia mume wangu ndani. "Angalia kioo, angalia bega, halafu ndipo uingie." Wifi alikuwa anarudia nyuma yake kwa sauti ndogo.

Ningesema neno moja tu, zima. Nilikwenda ukutani nikachomoa waya.

"Ah! Umeme umekatika?"

"Ndiyo."

Aliinamisha kichwa upande.

"Wifi, friji inanguruma."

Sikuwa tena na pa kukimbilia. Nikamwambia. Flashi, simu, jina la sehemu, Endelea, beseni, siku kumi na mbili za bado. Nilimwambia na aliyoyasema Dokta, yote, mpaka kuhusu kufunika. Alinisikiliza mikono ikiwa bado juu ya kibodi. Nilipomaliza aliiondoa taratibu, akaificha kwapani.

"Kwa hiyo siku zote hizi nilipokuwa nabonyeza."

"Ndiyo."

"Nilikuwa namfuta."

"Hukujua, wifi."

"Wewe ulijua."

"Sikujua kama inaendelea kufuta. Nilijua tu kwamba zimepotea."

"Ulijua zimepotea, ukaniacha nikae hapa asubuhi na jioni nabonyeza. Kwa vidole vyangu mwenyewe! Ungeniambia siku ile ile ningekutukana, ningekuita kila jina, halafu tungekwenda wote kwa fundi. Leo kaka yangu angekuwepo humu." Alikuwa analia, na sauti yake haikupanda. "Ulikuwa unanionea huruma mimi, au ulikuwa unajionea wewe?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia tangu afariki mimi sisikii kitu, mwili mzima.

"Usiniambie husikii kitu. Mimi nasikia kila kitu humu ndani. Nakusikia ukifua nguo safi."

Aliingia chumbani akafunga mlango. Nimekaa sakafuni karibu na ule waya, maji yananichuruzika. Naona aibu. Nimetafuta neno jingine na hakuna, ni aibu, imenishika usoni na shingoni na inachoma. Ndiyo hisia ya kwanza kunifikia baada ya miezi sita.

Jumamosi, 6 Aprili

Dokta amekuja mwenyewe kuichukua mashine, amevaa mabuti ya mpira. Alisimama kwenye mlango wa wifi akasema, "Dada, na mimi nimo." Hakufanya mzaha hata mmoja.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Hasemi na mimi. Blauzi nimejipigia, nimeunguza kola.

Jumatano, 10 Aprili

Dari ya masjala imevuja juu ya kabati la tatu. Mafaili mia na kitu yameloa chapachapa. Mkuu wetu alisimama mlangoni akasema tutenganishe ya maana na yasiyo ya maana. Bibi Mihuri akamjibu, "Mzee, mnieleze nyinyi mlioyaandika lipi halikuwa la maana, niwatupie." Akaondoka. Tumefunga kamba kutoka dirishani hadi dirishani, tumeanika barua kwa vibanio vya nguo. Mchana mzima nimeanika. Bibi Mihuri ananitazama mikono, anasema kwa kufua na kuanika sina mpinzani. Nikamwambia naacha kufua. Hakuelewa, nami sikumweleza.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua. Hasemi.

Jumapili, 14 Aprili

Saa tatu asubuhi wifi ametoka chumbani amekumbatia kitabu. Akakiweka mezani mbele ya kikombe changu.

"Sura ya saba. Soma."

Nikasoma. Mistari mitatu haijaisha akanyoosha kiganja.

"Unasoma kama unaita majina kwenye foleni ya hospitali. Mgongo una pingili, una mwendo, unapanda na kushuka. Sema upya."

Nikasema upya. Alinirudisha mara tano kwenye ukurasa wa kwanza. Maneno mengine sijui hata yanatamkwaje. Mume wangu aliyapita kwa kasi na kicheko, mimi ninajikwaa kwenye kila moja. Tulipofika ukurasa wa nne sauti ilikuwa imekauka.

"Utaendelea kesho," akasema.

"Umenisamehe?"

"Nimekuambia usome. Wiki tano, sura kumi na mbili. Hesabu mwenyewe kama nina nafasi ya kukusamehe."

Alhamisi, 18 Aprili

Sura ya saba imekwisha. Mvua.

Jumatatu, 22 Aprili

Sura ya nane. Bibi Mihuri anasema siku hizi nasoma barua kwa sauti ofisini, tena kwa kupanda na kushuka. Leo nimesoma barua ya malalamiko ya choo kilichoziba, na mlalamikaji mwenyewe aliyekuwa kaunta amesimama kimya mpaka mwisho, akasema hakujua kama aliandika vizuri hivyo.

Jumamosi, 27 Aprili

Sura ya kumi. Tumegombana. Nilichoka nikaruka aya mbili, nikidhani hatajua. Alijua. "Umenitoa nyongani ukanitua kifundoni. Paja na goti ulivipeleka wapi?" Nikamwambia si kaka yake mimi. Akasema hilo analisikia. Kila mtu chumbani kwake. Baada ya saa moja nimempigia hodi, nikamsomea aya mbili zile nikiwa nimesimama mlangoni. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo. Nilipomaliza akasema, "Kiti kipo."

Jumatano, 1 Mei

Leo hakuna kazi. Sura ya kumi na moja, ya neva. Kuna ukurasa mzima wa ganzi. Kitabu kinasema ganzi inapoanza kutoka, mgonjwa hasikii nafuu kwanza. Anasikia sindano na moto, na wengi hulalamika kwamba mtaalamu amewazidishia.

Nilipofunga kitabu, wifi alinilaza kichwa mezani, juu ya mikono yangu. Kidole gumba kikaingia pale pale shingoni, chini ya fuvu.

"Hapo," nikasema.

"Hapo nini?"

"Panauma."

"Panauma sana?"

"Sana, wifi. Toa mkono."

Hakuutoa. Nilimwomba tena kwa ukali, akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekuwa anatafuta funguo siku nyingi. "Lalamika tu. Kitabu kimesema utalalamika."

Jumanne, 7 Mei

Sura ya kumi na nne. Mvua imekuwa ya kunyunyiza tu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeota mume wangu amekaa kiti cha abiria na mimi ndiye ninayeendesha. Hakusema neno. Nimeamka nina hasira naye mpaka saa nne. Kwa nini aliita sehemu ile kwa jina lile? Kwa nini asiandike "Sura 7 mpaka 18" kama watu wengine? Nimemuuliza wifi. Akasema, "Kwa sababu ndivyo zilivyokuwa."

Jumatano, 15 Mei

Sura ya kumi na nane imekwisha saa kumi na mbili jioni. Tumekunywa chai.

Blauzi yangu ilikuwa mgongoni mwa kiti, imenyooka, hata kola iliyoungua imegeuzwa upande.

Jumatatu, 20 Mei

Nimemsindikiza mpaka lango la chuo. Alinishika kiwiko, na njia nzima aliinama akitamka majina ya misuli kama mtu anayehesabu ngazi. Tulipofika langoni, mkono haukuachia.

"Nikifeli, nitakuchukia maisha yangu yote," akasema.

"Najua."

"Nilitaka tu ujue."

Nimesubiri kwenye benchi kwa saa tatu. Sijawahi kuogopa hivyo tangu nizaliwe. Nimekwenda chooni mara nne. Alipotoka uso wake haukuonyesha kitu. Alikaa karibu yangu kwanza.

"Wameniuliza mgongo, wifi. Pingili kwa pingili. Nimewajibu kwa sauti yako, ile ya foleni ya hospitali. Hawakunikatiza mahali."

Jumatano, 22 Mei

Jua tangu asubuhi. Saa kumi Dokta amekuja na mashine na flashi. Alikataa kuingia ndani mpaka wifi alipomwambia aache kumlindia mlango.

Amejaribu wiki sita. Katika sura kumi na mbili ameokoa vipande tisa. Havina majina, vina namba tu, na kirefu kuliko vyote ni cha sekunde arobaini. "Kwa kusomea havifai," akasema. "Nimewaletea kwa sababu si vyangu."

Alipoondoka wifi aliweka spika za masikioni, akavisikiliza vyote tisa peke yake. Mimi nilikuwa jikoni. Sikwenda kufua. Halafu akaniita.

"Hiki cha saba si cha masomo. Ni chako. Kaa."

Nikakaa kwenye kile kiti, mbele ya mashine. Akabonyeza.

Kulikuwa na mvua juu ya bati, mvua ya mwaka jana. Mume wangu alikuwa anasoma, "na hapa ndipo kano linaposhika mfupa, usipite bila kutazama," akakoma. Kiti kikalia. Sauti ikageukia upande mwingine, mbali kidogo. "We bibie! Viache hivyo vyombo, njoo ukae hapa. Nimebakisha ukurasa mmoja."

Na kutoka jikoni, mwanamke asiye na shida yoyote duniani akajibu, "Nakuja."

Ni mimi. Kikakatikia hapo.

Wifi akakirudisha. Nakuja. Akakirudisha tena.

"Nilikwenda?" nikamuuliza.

"Mimi sikuwepo jioni hiyo, wifi. Mlikuwa wawili tu."

Nimejaribu kukumbuka. Jioni zote zilifanana: vyombo, mvua, yeye sebuleni anasoma mifupa. Labda nilifuta mikono nikaenda, nikakaa karibu yake mpaka ukurasa ukaisha. Labda nilimaliza vyombo kwanza. Namjua mwanamke yule, hupenda kumaliza vyombo kwanza.

Sikumbuki kama nilikwenda.

Nimelia hapo hapo kitini, kwa sauti, majirani wasikie wasisikie, na wifi hakuninyamazisha.